Kapasita za Shemeji Jotham

Kila Jumapili akitoka kanisani, Tupokigwe alikuwa na ratiba ambayo mgeni wala mvua haikuweza kuivuruga. Alivua viatu vya kutokea, akachochea moto, akabandika ndizi jikoni, halafu akaingia sebuleni na kuwasha amplifaya ya marehemu mumewe, iliyokuwa na deki ya kaseti humo humo. Aliweka kaseti ya kwaya, akakaa kwenye kochi la karibu na dirisha, na kumsikiliza Ambindwile.

Ambindwile hakuwa mwimbaji wa kusimama mbele. Alikuwa besi wa safu ya nyuma, mtu mrefu mwenye kikohozi cha adabu, na sauti yake ilikuwa nzito hivi kwamba uliihisi kifuani kabla haijafika masikioni. Kwaya yao ya kijijini Nkunga ilirekodi kaseti hiyo zamani, enzi ambazo kurekodi kulikuwa safari ya kwenda Mbeya na sare mpya. Katika wimbo wa tatu kulikuwa na mahali ambapo soprano, alto na tena wote wananyamaza, besi zinabaki peke yake, na miongoni mwa besi hizo ya Ambindwile ndiyo iliyokwenda chini kuliko zote. Mahali hapo Tupokigwe aliacha hata kufuma.

Amplifaya yenyewe Ambindwile aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, wakati bado anafanya kazi kwenye mashamba ya chai. Maboksi ya spika aliyatengeneza mwenyewe kwa mbao alizozikausha darini, na hakuna mtoto wala mjukuu aliyeruhusiwa kuyagusa kwa mikono yenye mafuta. Alipofariki, watoto walimwuliza mama yao kama wampelekee redio ndogo ya kisasa, ya kuchomeka flashi. Akawaambia waendelee na maisha yao, yeye ana ya kwake.

Kisha ukaja mvumo.

Ulianza kama nyuki mmoja aliyefungiwa chumbani. Tupokigwe alifungua dirisha, akafikiri uko nje. Baadaye ukakua, na mvua za masika zilipokolea ulikuwa kama mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya bonde. Kibaya zaidi, mvumo huo ulikuwa wa chini, chini kabisa, pale pale palipokaa sauti ya Ambindwile. Soprano zilisikika. Sauti yake mwenyewe Tupokigwe, iliyokuwa kwenye alto, ilisikika. Lakini ulipofika wimbo wa tatu na wengine wakanyamaza, kilichobaki sebuleni kilikuwa mmmmm mtupu. Jumapili ile ndizi ziliungua.

Akampigia simu shemeji yake, Jotham, mdogo wake Ambindwile, aliyekuwa anaishi Mbeya baada ya kustaafu kazi ya reli. Jotham alikuwa na ugonjwa wa muziki. Nyumbani kwake spika zilikuwa nyingi kuliko viti, na mkewe alikwisha kukata tamaa ya kuweka kabati.

"Shemeji, usimpe fundi yeyote aiguse," Jotham alisema, sauti imembadilika kama aliyeambiwa mtu anaumwa. "Hizo ni kapasita. Vifaa vidogo vya ndani, vinazeeka. Mimi nitakutafutia. Si hizi za madukani. Nitakutafutia zile zenyewe."

"Zile zenyewe ndiyo zipi?"

"Zile za watu wanaojua kusikiliza. Ukiziweka, shemeji, utamsikia kaka anavyovuta pumzi."

Tupokigwe hakuelewa mengi, ila neno hilo la pumzi lilimkaa moyoni. Akasubiri. Mvua zikaisha, baridi ya Juni ikaja na ukungu wake uliolala kwenye mashamba ya chai hadi saa nne asubuhi, naye Jumapili zote hizo alikaa kwenye kochi lake na amplifaya imezimwa. Jotham alikuwa amemwomba mtu aliyekuwa nje ya nchi amnunulie, na mtu yule akachelewa kurudi. Bei ya vile vitu Jotham hakuitaja, lakini mkewe aliitaja kwa niaba yake: alisema mbuzi mzuri angepatikana, na chenji ikabaki.

Siku moja Jotham akateremka Tukuyu, koti limefungwa hadi shingoni, na kiboksi kidogo kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo. Tupokigwe alikuwa amekwisha kufika mjini na amplifaya imefungwa ndani ya khanga mbili, imekaa miguuni mwake kwenye bajaji kama mgonjwa.

Walikwenda kwa Tausi, fundi wa redio ambaye Jotham alikuwa ameelekezwa, upande wa Msasani ya pale pale Tukuyu. Tausi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ushungi wake umefungwa nyuma ya kichwa usiingie kwenye moto wa chuma cha kulehemu. Kazi aliirithi kwa baba yake, mzee Husseni, ambaye macho yalikwisha kupungua nuru. Siku hizi Tausi aliishi kwa kutengeneza simu zaidi kuliko redio, lakini ukutani bado kulikuwa na redio za mbao ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Tupokigwe. "Nimekuletea baba wa nyumba."

Tausi hakucheka. Alifungua skrubu moja moja, akainua mfuniko, akainama na kunusa. Kisha akawaonyesha mikebe miwili mikubwa, mieusi, iliyovimba kwa juu kama maandazi.

"Hawa ndio wenye mvumo," alisema. "Hizi pia ni kapasita, mama. Kazi yake ni kuutuliza umeme kabla haujaenda kwenye sauti. Zimekauka, haziwezi tena kuutuliza, kwa hiyo umeme unaingia na mtetemo wake, na mtetemo huo ndio unaousikia. Hizi lazima zitoke. Nitaweka za kawaida, mpya, za kampuni inayoaminika. Hazina maajabu yoyote."

Jotham akakohoa, akatoa kiboksi. Ndani yake, kwenye pamba, vilikuwemo vitu vinne vinene kama kidole gumba, vimevikwa karatasi ya rangi ya shaba na maandishi ya dhahabu. Tausi aliviangalia, akasimama, akaenda kunawa mikono kwa sabuni kwenye ndoo ya nyuma, akarudi akijifuta.

"Naomba nizishike," alisema.

Akaishika moja kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. "Nimezisoma mtandaoni tangu naanza kazi. Watu wanazigombania huko. Sijawahi kuiona moja kwa macho yangu." Akamtazama Jotham, na uso wake ulikuwa umebadilika ukawa wa binti mdogo. "Lakini hizi hazihusiki na mvumo, mzee. Hizi ni za njia ya sauti yenyewe. Sauti inapita ndani yake ikienda kwenye spika. Wanasema zikiwa bora, sauti inafunguka."

"Ndivyo hasa!" Jotham alisema. "Inafunguka!"

"Basi tufanye hivi. Leo niondoe mvumo. Hizi zako niachieni, pamoja na amplifaya. Nitazifunga pamoja na mpya za kawaida, niweke swichi moja, ukibonyeza juu sauti inapita kwenye zako, ukibonyeza chini inapita kwenye za kawaida. Jumamosi niilete Nkunga tusikilize. Nataka kujua. Nina hamu kuliko nyinyi."

Wakakubaliana. Tausi akaitoa mikebe iliyovimba, akaweka mipya, akasafisha na kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Tupokigwe alikuwa amebeba kaseti kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso. Tausi akaunganisha spika mbili chakavu za dukani, akawasha.

Ukimya. Tupokigwe alishtuka, akadhani imekufa kabisa. Alikuwa amesahau kwamba amplifaya inaweza kuwaka na ikanyamaza.

Kisha kwaya ikaanza. Wimbo wa kwanza, wa pili. Bodaboda zilipita nje, mtu akabishania bei ya maparachichi, na katikati ya vurugu hizo, kwenye spika zilizopasuka, wimbo wa tatu ukafika mahali pake. Wengine wakanyamaza. Ambindwile akashuka.

Tupokigwe alishika ukingo wa meza. Hakupanga kulia mbele ya mtoto wa watu, lakini machozi hayakumsubiri apange. Alilia akiwa amesimama, mkoba mkononi, mpaka sauti za tena zikarudi na kumfunika mumewe.

"Ndaga," alimwambia Tausi. "Ndaga fijo, mwanangu."

Tausi alizaliwa na kukulia Tukuyu. Hakuhitaji kutafsiriwa asante hiyo. Aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumamosi Tausi alifika Nkunga baada ya adhuhuri, mvua ikimfuata nyuma. Jotham alikuwa amelala hapo hapo kwa shemeji yake tangu jana, na tangu asubuhi alikuwa akisogeza kochi mbele, kulirudisha nyuma, akipima kwa macho, hadi Tupokigwe akamwambia akae chini au amsaidie kumenya ndizi.

Amplifaya ilipofunguliwa kutoka kwenye kitenge, Tupokigwe alicheka. Kapasita za Jotham zilikuwa nene mno, hazikuingia ndani. Tausi amezifunga nje, nyuma, kwa mkanda mweusi, zimening'inia kama ndizi mbivu kwenye mkungu. Kando yake kulikuwa na swichi ndogo.

"Sasa mama, kazi ni yako," Tausi alisema. "Mimi na mzee tutaangalia pembeni. Wewe utabonyeza juu au chini unavyotaka, wala usituambie. Sisi tutasema ipi ni ipi."

"Mimi? Mimi sijui chochote."

"Ndiyo maana."

Jotham akakaa katikati ya kochi, macho amefumba, viganja magotini. Tausi akageukia ukuta. Tupokigwe akapiga magoti nyuma ya amplifaya, kidole kwenye swichi, na kwaya ikaanza.

"Hiyo," Jotham alisema baada ya muda. "Hizo ndizo zangu. Sikieni soprano zinavyofunguka. Kama mtu amefungua pazia."

Tupokigwe akatazama swichi. Ilikuwa chini. Akafikiri labda amekosea, akainama kuangalia vizuri. Chini, kwenye za kawaida. Akabonyeza juu.

"Aah, sasa umeturudisha kwenye za dukani," Jotham alisema kwa huruma. "Imekauka."

Tausi, uso ukutani, alisema yeye anaona kinyume. Tupokigwe akabonyeza tena, akabonyeza tena. Mara Jotham alipata, mara alikosa, kama watu wanaobashiri mtoto aliye tumboni ni wa kike au wa kiume. Tausi naye vivyo hivyo. Safari moja Tupokigwe aliibonyeza swichi na kuirudisha papo hapo pale ilipokuwa. Jotham akainua kidole hewani na kusema kwamba sasa ameisikia pumzi ya kaka, waziwazi.

"Haya shemeji," hatimaye alisema, akifumbua macho na kutabasamu. "Tuambie. Nimepata ngapi?"

Tupokigwe alimwona shemeji yake pale kwenye kochi, kola ya shati imechakaa, soksi zake zimelowa kwa kutembea kutoka barabarani. Mtu huyu alihangaika miezi kwa ajili ya kaseti ya kwaya. Angeweza kumwambia amepata zote. Swichi ilikuwa mkononi mwake, na Tausi alikuwa ameangalia ukuta. Hakuna ambaye angejua. Neno lilikwisha kufika mdomoni. Lakini akajisikia vibaya kumfanyia hivyo. Mtu aliyemletea kitu kwa moyo mweupe namna ile, amrudishie uongo?

"Shemeji," alisema taratibu, "uliposema zimefunguka, zilikuwa za kawaida. Na ile pumzi ya kaka yako, sikuwa nimebadilisha kitu."

Jotham alimtazama, kisha akamtazama Tausi.

"Na mimi nimekosa, mzee," Tausi alisema. Alikuwa amegeuka, mgongo ukutani, na kwa kweli alionekana ameumia kuliko Jotham. "Nilitamani sana ziwe bora. Nimezifunga kwa mikono yangu, nikazisikiliza dukani usiku na mchana, nikajiambia nasikia. Nilikuwa najua swichi iko wapi, ndiyo maana nilisikia. Ni vifaa vizuri, vimetengenezwa kwa ufundi, vitadumu. Lakini sauti ni ile ile."

Kaseti ilikuwa bado inazunguka. Jotham akafungua mdomo kusema kitu, na hapo hapo umeme ukakatika. Kwaya ikajikokota, ikazama, ikanyamaza. Ikabaki mvua juu ya bati.

Tausi aliomba maji ya kutawadha. Alasiri ilikuwa imeingia. Tupokigwe akamtandikia khanga safi kwenye chumba cha wageni, akamfungia mlango, akaenda kukaa barazani alikokuwa Jotham. Mlima Rungwe haukuonekana. Migomba ilikuwa inainama na kuinuka.

"Basi nimekuletea mapambo," Jotham alisema bila kumtazama.

"Mapambo gani?"

"Si yananing'inia pale nyuma? Nilitaka nimfanyie kaka kitu kizuri. Kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kumfanyia. Kumbe hata mkebe wa dukani ungetosha."

Tupokigwe alimmiminia chai kutoka kwenye chupa, akatia sukari kama alivyojua anapenda.

"Shemeji, nisikilize. Mvumo ulipoanza niliwaambia wanangu. Wakaniambia, mama, nunua redio nyingine. Nikamwambia jirani, akaniambia mashine hiyo imezeeka, iuze chuma chakavu. Wewe nilipokuambia, sauti yako ilitetemeka. Ulikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba ule ni msiba. Nikasema kumbe sina wazimu. Kama si wewe kuniambia nisubiri, ningekwisha kuigawa. Na kama si kiboksi chako, tusingekwenda kwa yule binti, maana mimi sikumjua. Unaniambia umeniletea mapambo?"

Jotham alizungusha kikombe mikononi.

"Lakini shemeji, bei ya mbuzi..."

"Mbuzi ningemla nikamsahau."

Jotham akacheka. Kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka chai ikamwagika kwenye suruali, na Tupokigwe akacheka kwa kumwona anavyojipangusa. Tausi alitoka chumbani amemaliza sala, akawakuta hivyo, akasita mlangoni kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kucheka nao.

"Njoo ukae, fundi," Jotham alimwita. "Njoo. Hatuna mgonjwa hapa."

Tausi akavuta kigoda. Wakanywa chai, wakazungumza juu ya mzee Husseni na redio zake za ukutani. Jotham alitaka kujua kama kuna mtu ambaye amewahi kuisikia tofauti kwa kweli. Tausi akasema labda wapo, kwenye mitambo mingine na masikio mengine. Yeye anasema alichokisikia Nkunga, kwenye amplifaya hii, siku hii. Ila kuanzia leo, mteja akimwuliza kama ahangaike na zile za bei kubwa, atamwambia aanze kwanza na zilizovimba.

Mvua ilikuwa inapungua walipomsikia mtu ndani ya nyumba.

Ilianza kama mtu anayeamka, sauti nzito inayojivuta, ikipanda kidogo kidogo kutafuta mahali pake. Umeme ulikuwa umerudi. Hakuna aliyekuwa ameizima deki. Kaseti ilijiokota pale pale ilipoachia, na pale ilipoachia ilikuwa karibu na wimbo wa tatu. Kwaya ikaimba mistari miwili, kisha soprano zikanyamaza, alto zikanyamaza, tena zikanyamaza. Kupitia dirishani, kutoka kwenye sebule ambayo haikuwa na mtu, Ambindwile akashuka kwenye noti zake za chini, bila haraka, na kitako cha kigoda cha Tausi kikatetemeka.

Jotham alikuwa amesimama. Hakuingia ndani. Alishika nguzo ya baraza, midomo inatembea. Walipofika mahali ambapo tena zinarudi, akaziitikia, kwa sauti ya mzee iliyokauka, na Tupokigwe akajikuta yuko kwenye alto yake bila kukusudia, anaimba pamoja na yeye mwenyewe aliye kwenye kaseti, ambaye alikuwa kijana na pumzi ndefu kuliko yake. Wakaimba mpaka mwisho. Tausi alipiga makofi mepesi, ya vidole tu.

"Swichi ilikuwa juu au chini?" Jotham aliuliza, macho yamelowa.

Tupokigwe akafikiri. "Wallahi sijui," alisema, akiapa kwa kiapo cha Tausi, na Tausi akaangua kicheko.

Tausi alitaka kuziondoa zile kapasita, azirudishe kwenye kiboksi chake ili mzee ajue la kuzifanyia. Jotham akamwambia azichukue yeye, azisome, azipime, azifanye apendavyo. Tupokigwe akawakatalia wote wawili. Alisema zitakaa pale pale zilipo. Ni za shemeji yake kwa kaka yake, wala yeye hana ruhusa ya kuzigawa. Kama ni zawadi ya Tausi, anayo nyingine. Akaingia bandani, akatoka na mkungu wa ndizi ambao wanaume wawili wangeulalamikia, na ndoo ya maparachichi, akampigia simu dereva wa bajaji waliyemzoea.

"Mama, hivi vyote? Umekwisha kunilipa."

"Hiyo ilikuwa ya kazi. Mpelekee baba yako na hizi. Mwambie amenilelea fundi."

Tausi akazipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo pale kwenye matope ya mlangoni, akasema atarudi Jumapili moja kusikiliza, bila bisibisi. Bajaji ikaondoka ikiyumba kwenye utelezi, mkungu umetokeza pembeni.

Jotham alikuwa amepanga kurudi Mbeya jioni hiyo. Aliangalia barabara, akaangalia viatu vyake, kisha akaingia sebuleni na kuirudisha kaseti mwanzo. Tupokigwe alikwenda jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria na kumenya ndizi nyingine.